Mama Anafungua Begi Langu

Ndosho, jioni, umeme umekatika.
Mama ameliweka begi langu juu ya kochi
kana kwamba ni mgonjwa aliyetoka hospitali.
Anafungua zipu polepole, ile zipu
aliyoishona mwenyewe, mwaka ule wa mlima,
kwa uzi wa nyavu za sambaza.

Ametoa suruali mbili, nusu ya sabuni,
kikapu kidogo cha mianzi chenye kifuniko.
"Hiki cha nini?"
Cha wali, mama. Wali wao unanata,
unaufinyanga kwa vidole kama bugali,
unachovya kwenye pilipili, unalia, unarudia.
Amekinusa kwanza, ndipo akacheka.

"Vientiane." Analitamka kama jina la mkwe
ambaye ukoo bado haujamkubali.
Ni mji mkuu, mama, lakini mpole
kuliko Birere siku ya Jumapili.
Kuna mto, na ng'ambo ya mto ni nchi nyingine,
usiku unaziona taa zao zote zinawaka.
"Kama Gisenyi."
Kama Gisenyi.
Na kwenye malango ya serikali, vibao vya Kifaransa
vimebaki kama misumari ya picha iliyoondolewa.
Hilo hakuuliza.

Tulikuwa wanafunzi wanne, chumba cha vitanda vinane.
Palikuwa na kijana wa Denmark, mwembamba,
begi lake limempita kichwa,
vikombe na viatu vinaning'inia kila upande
kama chukudu inayoteremka na kabichi za Kibumba.
Alinifundisha kupanga:
vizito vikae karibu na uti wa mgongo.
Nikanyamaza. Mimi nilijifunza gizani,
nina miaka tisa, kwa mwalimu mkali:
vyeti vya kuzaliwa karibu na ngozi,
chumvi juu, sufuria ifungwe kitambaa isilie,
na Muhindo, mdogo wangu, mbele, kifuani.

Akauliza, umeshatembea wapi na wapi?
Nikahesabu kwa vidole:
Sake. Minova. Mugunga, mara mbili. Gisenyi, siku sita.
Akazitafuta kwenye ramani ya simu,
akasema kwa upole kwamba haziko mbali.
Kweli. Haziko mbali.

Mama ameacha kutoa vitu. Ameshika mkanda.
"Sasa hao vijana, na mizigo yote ile,
wanalala kwa watu wasiowajua,
wanakula barabarani,
asubuhi wanaondoka tena,
walikuwa wanakimbia nini?"

Hakuna, mama. Wanatembea tu.
"Wanatembea tu."
Ameling'ata neno kama anayepima sarafu kwa jino.
"Na wewe?"

Mimi, siku ya tatu, niliamka kabla ya wote.
Watawa wa nguo za chungwa walipita peku
wakipokea wali kimya kimya.
Nilikuwa na begi mgongoni, na hakuna aliyepiga kelele.
Nilitembea mpaka mabega yakashuka yenyewe;
sikujua kama yalikuwa yamepanda.
Karibu na mto niligeuka kutazama nyuma, mazoea,
na nyuma yangu alikuwepo mwanamke
anayechoma mahindi.
Nikanunua mawili.

Nilimwambia tu: nilichoka vizuri, mama.

Amelikung'uta begi dirishani.
Mchanga wa mto ule, kiasi cha kijiko,
umeanguka juu ya mawe meusi ya ua wetu.
Kisha ameleta bahasha ya kaki kutoka chumbani,
hati ya kiwanja, vyeti, picha ya baba,
pakiti ya chumvi,
akavipanga, akafunga zipu.
Kikapu amekiacha mezani.

Kabla ya kulitundika nyuma ya mlango, mahali pake,
amelivaa.
Ametoka kwenye kochi hadi mlangoni,
mlangoni hadi kwenye kochi,
akazunguka meza, akarudi.
"Linakaa vizuri," amesema,
na hakulivua mpaka umeme uliporudi.