Tundu Lililogusa Mstari

Danao, saa nne asubuhi, changarawe inachoma nyayo.
Mimi sipigi. Nimeshika saa na penseli,
kazi yangu ni kugawanya:
alama juu, sekunde chini,
jibu ndilo jina lako siku hiyo.

Saa ina masikio, haina macho.
Inasikia risasi ya mwisho, inanyamaza;
ilikotua si shauri lake.
Karatasi ina macho, lakini haijui
kama ulikuja mbio au ulikuja na kiti.

Alitangulia Nenita Batucan, fundi cherehani,
miwani imefungwa kwa uzi wa kazini.
Shabaha sita, mbilimbili. Alipiga
kama anayeshona mfuko wa ndani:
zote kumi na mbili katikati, sitini,
kwa sekunde saba na nusu.
Nane.

Rodelio Capangpangan alikuja mbio.
Aliruka kizingiti cha mbao, akapindua ndoo;
jogoo wa jirani hakumaliza kuwika.
Sekunde sita kamili.
Saba katikati, nne pembeni,
moja imening'inia ukingoni kwa kucha.
Arobaini na nane. Nikagawa mara mbili,
nikidhani penseli imelewa.
Nane.

Basi haraka na makini zikaketi benchi moja,
zikatazamana kama wakwe.

"Tundu lile," akasema Rodelio, "la shabaha ya nne."
Nilikuwa nimeliandika tatu.
Likigusa mstari tu, ni tano;
ndivyo kanuni isemavyo, na kanuni haina shangazi.
Nikainama na kipimo cha plastiki. Jasho likadondoka.
Niliona linagusa. Niliona haligusi.
Nenita alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni,
yeye anayekula kwa kuhesabu nyuzi.
"Linagusa," akasema.

Hamsini kwa sita: nane na theluthi.
Theluthi ile, upana wa unywele,
ikameza sekunde moja na nusu
alizokuwa amezilipia uhakika.

"Ungenyamaza," nilimwambia baadaye.
"Ningenyamaza, kesho ningeshona nini
kwa macho haya?"

Nikabandika kibandiko cha kahawia juu ya tundu.
Karatasi ikawa haina habari.
Nikairudisha saa kwenye sifuri,
nikaita anayefuata.