Kuku Bila Chumvi

Usiniulize mimi yupi mwenye nguvu.
Mimi nauza samaki, soko la akina mama, Imphal,
meza ya tatu ukitokea upande wa mto.
Nikiulizwa jambo, nami huuliza kwanza: kilo ngapi?

Nyumba moja, sufuria mbili.
Ya Chinglen haina chumvi, haina mafuta, haina neno:
kifua cha kuku, gramu mia na hamsini,
anakipima kwa mizani ya sonara
niliyoazima kwa shemeji na sijairudisha.
Mama mkwe hataki kuku jikoni mwake,
basi nampikia uani, mvua inyeshe isinyeshe.
Ya Thadoi naijaza wali mpaka kifuniko kinainuka;
nikisema inatosha, binti ananitazama
kama mteja aliyepunjwa.

Jimu ni ile ile, bati juu, vyuma vile vile.
Ila mmoja huenda kwenye kioo,
mwenzake hukipa kioo kisogo.

Chinglen anasema chuma ni tindo tu.
Anashika chepesi, polepole, mara kumi na mbili,
mpaka msuli mmoja, mmoja tu, ulie.
Anatafuta mfereji kati ya bega na mkono.
Thadoi hataki msuli mmoja.
Anataka mwili mzima uitike pamoja,
kama watu wanaokwamua lori topeni.
Mara moja. Kisha anakaa dakika tano,
anaangalia ukuta.
"Unaona nini hapo?"
"Nangoja, Ima."

Mwanamke mmoja aliniambia sokoni:
kijana wako mzuri mno, binti yako mzito mno,
Mungu alichanganya mafungu.
Nilimpimia sawasawa. Nyongeza sikumtilia.

Mwaka jana, shindano la Chinglen,
nilimpaka rangi ya kahawia mgongoni
kwa brashi iliyobaki tulipopaka uzio.
Siku mbili alikuwa akilowesha ulimi tu.
Jukwaani hakuna aliyemwambia anyanyue kitu.
Majaji walimtazama kama wateja wangu watazamavyo samaki:
mng'ao, mstari wa ubavu, upande huu, geuza, upande ule.
Hawaulizi aliogelea umbali gani.
Na usiku wa kuamkia siku ile,
akiwa mzuri kuliko siku zote za maisha yake,
mtungi wa gesi ulimshinda kizingitini.
Thadoi aliuingiza kwa mkono mmoja,
simu ikiwa sikioni, hata hakukatiza maongezi.
Chinglen alicheka mpaka midomo mikavu ikapasuka.

Mwaka huu tulikwenda Guwahati, basi la usiku,
kumtazama yeye.
Kilo mia na themanini na saba na nusu, kutoka sakafuni.
Niliiona ikipanda. Mishipa ya shingo, mapaja, chaki,
ikapanda!
Taa mbili nyekundu.
Nilisimama nikapiga kelele: wizi!
Mimi, mwenye kujua mizani.
Chinglen akanivuta nguo.
"Goti la kushoto, Ima. Halikunyooka."

Sisi wengine tulitazama chuma.
Yeye ndiye aliyetazama mwili.

Akashuka, akapenya mpaka alipokaa dada yake,
akagusa nyuma ya goti lile kwa kidole kimoja:
hapa.
Hawakusema zaidi. Ilibaki nafasi moja.

Nilifumba macho, naungama.
Nilisikia chuma kikishushwa, hakikutupwa,
halafu kimya kirefu cha taa,
halafu jirani yangu, nisiyemjua, akanikumbatia.

Tukirudi, zikiwa zimebaki siku tisa za shindano lake,
Chinglen alifungua kifurushi changu cha samaki wakavu
akala watatu, na chumvi yao yote,
akalamba vidole.
Thadoi alikuwa amelala, kinywa wazi,
mguu wa kushoto ameunyoosha njiani,
na kila abiria aliyepita aliuruka.