Safu ya Mwisho
Tulianza na daftari la shule, mwaka wa barakoa,
mistari tukapiga kwa rula, wodini, Tudor.
Jina likafichwa, akapewa namba:
mia nne na kumi na saba.

Umri? "Nilivunja ungo mwaka wa nzige."
Kompyuta haiujui mwaka wa nzige.
Nikakisia sitini na tisa,
kwa penseli.

Safu ya mwisho ya utafiti: matokeo.
Siku ya ishirini na nane napiga simu Kisauni,
nahesabu milio.
Akipokea mtoto wa mtu, najua kabla ya salamu.

Huyu kapokea mwenyewe, akikohoa, akifoka:
"Mie si namba, weye!
Mie Mwanamkuu wa Shee. Andika!"

Siruhusiwi.
Nikaandika: yu hai.
Kwa wino.