Herufi Thelathini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Rushere.
Bodaboda wa kwanza anashusha madebe
kabla sijawasha kompyuta ya kaunta.
Nachovya kipimo: maziwa hayana maji.
Namimina, nasoma mizani, naandika
namba ya mfugaji, mia mbili kumi na nne,
lita kumi na tisa, saa, daraja la kwanza.
Mashine inakohoa risiti
fupi kama jibu la mtoto aliyenuna.

Hapa ndipo mfumo unapokanyaga tope.
Unajua kuhesabu, haujui kuuliza.
Kwake Rwabushongo ni 214 tu,
na Bihogo, ng'ombe wake mwekundu
anayegoma kukamuliwa asipoitwa jina,
hayumo.

Mbarara, Ijumaa, msimamizi Tumuhimbise
anabonyeza kitufe kimoja
na risiti zangu elfu moja na mia tatu
zinalala kifudifudi kwenye ukurasa mmoja.
Vituo tisa, nguzo tisa za rangi;
mimi ni ile ya nne kutoka kushoto.
"Kyarisiima, wiki hii umeshuka asilimia mbili."
Nami nilidhani nimesimama palepale.

Chumba cha pili yupo Nimusiima,
kijana wa "je, kama".
Je, kama dizeli ikipanda?
Je, kama lori likipitia Kazo kwanza?
Je, kama mvua ya Septemba ikichelewa?
Mfumo wake unacheza bao na kesho,
unasogeza kete, unairudisha, hauli.
Siku moja nilimuuliza: je, kama mfugaji akichoka?
Akacheka, kisha akatafuta kwa dhati
safu ya kuandikia uchovu.
Haikuwapo.

Na juu kabisa, Kampala, ghorofa ya saba,
Mkurugenzi Ssebuliba hana muda wa nguzo.
Kwake sote tumekuwa mshale,
kijani ukipanda, nyekundu ukishuka.
Ndani ya mshale hakunyeshi.
Ndani ya mshale hakunuki samli.

Kisha ukaja Julai ule, nyasi zikawa rangi ya karatasi ya kaki,
na kila aliyejua ng'ombe akangoja lita zishuke.
Zikapanda.
Mshale ukapanda, wa kijani mbichi,
na Kampala ikatutumia keki:
HONGERA RUSHELE, jina letu limekosewa kwa sukari.

Tuliila. Ilikuwa tamu, sitasema uongo.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa mizanini.
Nilijua yale ni maziwa ya jioni,
yale ambayo tangu zamani hayatoki nyumbani.
Unga ulikuwa umepanda, ada ya shule haisubiri mvua,
na Bi Kyokusiima alileta lita sita ndani ya jerikani,
mwanawe kashika gauni, anaitazama jerikani
kama mtu anayemsindikiza mgeni
asiyejua atarudi lini.

Kwenye skrini yangu, chini kabisa,
kuna kisanduku kiitwacho Maoni.
Herufi thelathini, nafasi zikihesabiwa.
Miaka minne hakuna aliyekijaza.
Nikaandika, nikafuta, nikahesabu kwa vidole:

Hata maziwa ya watoto yameuzwa

Thelathini kamili. Nukta ilikosa pa kukaa.

Ijumaa simu ikalia.
"Nini hiki? Kimevuruga ripoti yangu yote."
Nikamwambia, kisome.
Akakisoma kwa sauti, taratibu,
halafu kimya, feni tu inazunguka huko Mbarara,
na nyuma yake nikamsikia Nimusiima:
"Je, kama..."
Hakumalizia.

Kama kilifika ghorofa ya saba, sijui.
Sijapata keki nyingine.

Jumatatu 214 akaleta lita kumi na moja.
"Ndama amenyonya," akasema, kama anayeomba radhi.
Nikaandika kumi na moja.
Nikafurahi,
na hilo nalo halina safu.