Jambu

Uani, huku Belém, jokofu bovu limelazwa chali;
ndani yake Deusarina ameotesha jambu.
Maua hayana petali, vifungo vya manjano tu,
kama vilivyokatika kwenye shati la marehemu.

Leo shemeji Osmarino amekuja
na karatasi za kuuza kiwanja.

Anachuma konzi mbili, anayatosa majani
katika mchuzi wa muhogo uliotokota tangu jana
hadi sumu ikaaga.
Kamba wakavu juu. Kibuyu kimoja.
"Kunywa kwanza, shemeji."

Midomo yaanza kumcheza. Kisha ganzi.
Anafungua kinywa ataje bei:
mate.

Ulimi hauna mfupa, wanasema.
Wa huyu leo hauna hata mwenyewe.

Deusarina anatafuna ua zima, kimya,
anakwenda kulimwagilia jokofu.