Niandikie Nyota Mbili

Kibanda changu kiko Mbuyuni, ubavuni mwa soko,
hatua kumi na mbili kutoka kwa muuza magimbi.
Kazi yangu ni vioo vya simu vilivyopasuka,
ila siku hizi watu huniletea na vinyongo vyao:
“Mangi, kidole chako chepesi. Niandikie.”

Jumanne alikuja Bi Aikaruwa,
debe kichwani, unga ungali kwenye nyusi.
“Mwandike yule wa mashine kule Pasua.
Nimepeleka debe limejaa, nimerudishiwa robo tatu.
Panya wa pale wana miguu miwili.”
Nikamuuliza, nyota ngapi?
Akatazama juu, kama vile ziko,
mchana ule, na mlima umejifunika gubigubi.
“Mbili.”
Mbili, mama, kwa mwizi?
“Moja ya mashine. Inasaga laini.
Ya pili ya mkewe. Ananisalimu.”

Kundaeli seremala alitaka tano, zake mwenyewe.
“Sema wewe ni mteja, umetoka Arusha,
umenunua kabati, mkeo kalia kwa furaha.”
Mimi sina mke. Nikakataa.
Tangu Pasaka hanijibu salamu,
na kiti hiki ninachokalia, kazi ya mikono yake,
kinayumba kila nikibonyeza herufi.

Halafu Ombeni, mpagazi, alipotelemka,
pua imebanduka kwa baridi ya juu,
midomo kama ganda la muhogo.
Mgeni wao alikuwa ameandika kurasa mbili.
“Nisomee. Mimi nimo?”
Nikasoma. Kampuni imo. Kiongozi yumo, kwa jina na kwa tabasamu.
Supu ya maboga imo, mara tatu.
Hema limo.
Nikateremka taratibu hadi mwisho,
nikakuta mstari: *mizigo ilitutangulia kila siku.*
“Haya,” akasema, “ndo mimi hapo.”
Akanyamaza, akakwangua tope kwenye kiatu.
“Na sisi mgeni tunampimia wapi?
Yule alikuwa mwema, usidhani.
Aliniuliza jina mara nne, akalisahau mara nne.
Mimi ningempa nne.”
Sikujua mahali pa kuiandika.
Nimeiandika hapa.

Nami wapo walionipima, sikatai.
*Anatengeneza vizuri, ila anasikiliza maongezi ya watu.*
Nyota tatu, bila jina.
Lakini ameandika “ela” badala ya “hela”,
na Moshi nzima namjua mmoja tu anayeila ile h.
Nimemtengenezea spika wiki jana. Nimemzidishia mia tano.
Sijivunii.

Jana jua likizama alifika Aminieli, mbeba magunia,
ngata bado kichwani, jasho limechora ramani kwenye fulana.
Anakula mtori kwa Mama Sifaeli, yule wa nyuma ya stoo za vitunguu,
benchi moja, sufuria moja,
mvua ikinyesha mnakula mmesimama.
“Niandikie kuhusu mtori wake.”
Sema.
“Andika: nilirudi.”
Na nini tena?
“Basi. Aliyerudi aongeze nini?”
Nikaandika. Simu ikagoma: maneno hayatoshi.
Nilipomwambia akacheka hadi ngata ikamdondoka.
“Kumbe kuna pahala neno la kweli halifiki kimo!
Basi rudia, mpaka ishibe.”

*Nilirudi. Nilirudi. Nilirudi. Nilirudi.*

Ikapokea.

Nimefunga kibanda, nimeshika njia ya nyumbani.
Mbele yangu, pale penye maji ya mtaro,
nani kama si Bi Aikaruwa,
debe limejaa mahindi, hatua za haraka,
anawahi Pasua kabla mashine haijazimwa.