Kipimo cha Theluji

Machi, Pubnico. Theluji haijakubali kuondoka
nyuma ya banda.
Nilimwomba baba akae.
"Hapo?" Hapo.
"Na suruali hii?" Na hiyo hiyo.
Anselme, fundi wa madema ya kambamti miaka arobaini,
nyonga ya kushoto ina chuma tangu Novemba,
akashika bega langu, akajishusha
kama sanduku la vyombo,
akaegemea tuta jeupe.
Nilihesabu hadi thelathini.
Kufikia ishirini alikuwa ameshanitukana mara mbili
kwa Kifaransa chetu cha huku, ambacho Paris hawakielewi.

Akaingia ndani kutafuta kahawa na suruali kavu.
Mimi nikabaki na shimo lake:
mabega, mbonyeo wa kiuno, makalio,
na upande wa kulia umezama zaidi,
milimita kumi na mbili,
maana kushoto hakuamini tena.
Nikapima kwa utepe kabla jua halijanidhulumu,
namba nikiziandika kwenye kipande cha boksi.

Usiku, kwenye kompyuta, namba zikawa mkunjo,
mkunjo ukawa njia ya kisu.
Mashine haikuuliza
kwa nini kulia na kushoto havilingani.
Ilishusha ncha yake, ikazunguka, ikala mwerezi
tabaka kwa tabaka,
mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma kwa kidole.
Ubao wa tatu ulichomoka:
nilikuwa nimekaza vibano viwili badala ya vinne.
Ncha ikavunjika. Dola thelathini na nane.
Nilichosema hakiandikiki.

Baba alisimama mlangoni, vidole masikioni.
"Haina mkono. Itajuaje fundo liko wapi?"
Haijui, nikamwambia. Ndiyo maana mimi nipo.
Akaokota ubao kwenye unga wa mbao,
akapitisha dole gumba ukingoni,
akalirudisha, polepole.
Akaomba msasa.
Hakuondoka tena mpaka giza.
Skrubu alizichagua yeye, za chuma kisichoshika kutu:
"Chumvi ya huku haina adabu."

Mei. Kiti kiko majanini, hakina rangi,
kinanukia kabati la mablanketi.
Baba alikaa. Hakusifu.
Mkono wake ulitafuta pa kuweka kikombe
ukapapata, kwa sababu nilipachonga.
Robo saa nzima hakuhamisha uzito.
Nilikuwa dirishani. Nilitazama saa.

Jumapili akaja shangazi Léonice,
akakikalia bila kuombwa,
akajigeuza huku, akajigeuza kule.
"Kimepinda hiki! Mashine ya maelfu ya dola,
na kiti kinakwenda mrama!"
Baba alicheka mpaka akaishika nyonga.
"Inuka," alimwambia.
"Umekalia mgongo wangu."